Kampuni kubwa na nishati mbadala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Paneli ya jua ni kitu rahisi kueleweka: mwanga unaingia, umeme unatoka. Kinachowachanganya watu ni yanayofuata, pale umeme huo unapokutana na mita, mkataba, sheria na wanahisa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mara na watu wanaofikiria kufunga sola, walioletewa mradi wa upepo kwenye ardhi yao, au wanaoshangaa kwa nini teknolojia iliyoshuka bei kiasi hiki bado haijaenea kote. Mengine nimeyajibu kwa sentensi chache, mengine yamenilazimu kuchimba.

Ni kweli kampuni za mafuta zilificha teknolojia ya jua na betri?

Hadithi ya mvumbuzi aliyenyamazishwa na kazi yake kufungiwa kabatini inapendwa sana. Kumbukumbu zinaonyesha jambo jingine, na kwangu linauma zaidi: teknolojia ilishikwa mkononi, ikatazamwa vizuri, kisha ikawekwa chini.

Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 1973 mwanakemia Elliot Berman alianzisha Solar Power Corporation kwa fedha za kampuni ya mafuta ya Exxon, akashusha bei ya seli kutoka kama dola 100 kwa wati hadi kama dola 20. Miongoni mwa wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye majukwaa ya mafuta baharini, waliohitaji taa za kuonya meli usiku. Katika muongo huohuo Stanley Whittingham, akiwa mwajiriwa wa Exxon, alibuni betri ya lithiamu inayochajiwa upya, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Kwa hiyo nusu karne iliyopita kampuni moja ya mafuta ilikuwa na paneli na betri chini ya paa moja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeziacha zote mbili. Hakuna aliyehitaji kula njama. Pipa la mafuta lilikuwa linalipa haraka zaidi, basi.

Walijua madhara ya mafuta tangu lini?

Angalau tangu 1977, mwanasayansi wa Exxon, James Black, alipowaeleza wakuu wake kwamba hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma mafuta na makaa ingeweza kubadili tabianchi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulipima makadirio ya joto yaliyofanywa na wanasayansi wa kampuni hiyo ukakuta kati ya asilimia 63 na 83 yalitimia kwa usahihi. Lakini hadharani mambo yalisemwa vingine. Global Climate Coalition, umoja wa kampuni ulioanzishwa mwaka 1989 na kuvunjwa mwaka 2002, ulitumia miaka hiyo kupanda shaka juu ya sayansi yenyewe.

Shaka hiyo inahusianaje na sola? Kituo cha makaa ya mawe hujengwa kwa matarajio ya kudumu miaka 40 hivi. Kila mwaka wa kusitasita uliacha vituo vipya nyuma yake, na kila kituo kina mkopo wa kulipwa, wafanyakazi wenye familia na wanahisa watakaopigania kiendelee kuwaka.

Kwa nini kampuni ya umeme isipende paneli zilizo juu ya paa langu? Si ingefurahi kupunguziwa mzigo?

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Katika nchi nyingi kampuni ya umeme iko peke yake katika eneo lake, na msimamizi wa serikali ndiye anayeidhinisha bei. Pale kampuni inapokuwa ya watu binafsi, hesabu ya kawaida ni kwamba inarudishiwa gharama zake, kisha inaruhusiwa faida ya asilimia fulani juu ya mtaji iliouweka kwenye vituo, nguzo na nyaya. Tuseme mtaji ni bilioni 1 na faida inayoruhusiwa ni asilimia 10. Kampuni itavuna milioni 100 kwa mwaka. Ikijenga kituo kingine cha nusu bilioni, itavuna milioni 150. Wewe ukifunga paneli kwa pesa yako, mtaji wa kampuni hauongezeki hata senti, na uniti inazokuuzia zinapungua. Meneja anaweza kuwa mtu mwema anayelipenda jua kwa dhati, lakini mfumo unaomlipa mshahara unamwambia ajenge chake na akicheleweshe chako.

Mwaka 2013 Edison Electric Institute, chama cha kampuni binafsi za umeme Marekani, kilitoa ripoti iliyozionya wazi: wateja wakianza kujizalishia umeme, gharama za gridi zitabaki kwa wachache, bei itapanda, na kupanda kwa bei kutawakimbiza wengine zaidi. Tangu hapo vita vya mapaa vilipamba moto.

Hoja yao moja ni ya kweli na sisi tunaotetea jua tusiikwepe. Nguzo na transfoma lazima mtu azilipie. Mwenye nyumba na akiba anafunga paneli, mpangaji wa chumba kimoja anabakiwa na bili. Hilo linahitaji jibu la haki, kwa mfano kutenganisha ada ya gridi na bei ya umeme, na kuweka paneli za pamoja ambazo mpangaji anaweza kununua fungu. Ninachokikataa ni hoja hiyo kugeuzwa kichaka cha kujifichia. Huko Florida mwaka 2016 kampuni za umeme zilichangia sehemu kubwa ya zaidi ya dola milioni 20 zilizotumika kunadi pendekezo la kubadili katiba ya jimbo. Lilinadiwa kama la kulinda haki ya kutumia jua, kumbe lingefungua mlango wa kuwatoza zaidi wenye paneli. Lilipata kama asilimia 51 ya kura, na lilihitaji 60.

Nevada ilikuwa chungu zaidi. Desemba 2015 wasimamizi wa nishati wa jimbo hilo walibadili viwango, na mabadiliko hayo yakawagusa hata waliokwisha kufunga paneli wakitegemea sheria ya zamani. Wafungaji wakubwa walisimamisha kazi, mafundi wakakosa ajira. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilirudisha sehemu kubwa ya kilichoondolewa.

Nitajuaje kama kanuni ya mita inanibeba au inaniumiza?

Nenda kaisimamie mita yenyewe. Mita ya nyumba yenye sola iliyounganishwa na gridi huonyesha namba mbili kwa kupokezana: uniti zilizoingia kutoka gridini, na uniti ulizozisukuma kwenda gridini. Swali zima ni kama namba hizo mbili zina thamani sawa.

Tuseme kwa siku paneli zako zinazalisha uniti 12. Mchana unatumia 4 papo hapo, 8 zinatoka. Usiku unavuta 8 kutoka gridini. Kanuni ikiwa ni uniti kwa uniti, 8 zinafuta 8, bili ya siku hiyo ni sifuri. Sasa uniti inayotoka ikithaminiwa robo tu ya inayoingia, zile 8 zako zinahesabiwa kama 2, na utalipia 6. Jua ni lilelile, paneli ni zilezile, fundi ni yuleyule. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye kanuni, na muda wa kurudisha pesa yako umerefuka kwa miaka.

Mfano huu haukutoka hewani. Aprili 2023 California ilianza kuwalipa wateja wapya wa sola takriban asilimia 75 pungufu kwa umeme wanaoupeleka gridini. Matokeo yake maombi ya kufunga paneli yaliporomoka, na walioendelea wakaanza kununua na betri ili umeme wa mchana wautumie wenyewe usiku.

Ushawishi wa kampuni bungeni ni halali. Mpaka na rushwa uko wapi?

Kampuni ina haki ya kusikilizwa kama mtu mwingine yeyote. Mpaka unavukwa pale fedha zinapofichwa na sheria inapolipiwa. Kesi ya Ohio inafaa kukumbukwa. Mwaka 2019 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyotenga zaidi ya dola bilioni 1 kuviokoa vinu viwili vya nyuklia, ikavisaidia vituo vya makaa, na papo hapo ikapunguza malengo ya nishati mbadala ya jimbo. Baadaye ilibainika kwamba takriban dola milioni 60 zilizohusishwa na kampuni ya umeme ya FirstEnergy zilipitishwa kwa kundi lililokuwa chini ya spika Larry Householder. Mwaka 2021 FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230. Householder alitiwa hatiani mwaka 2023 akahukumiwa miaka 20.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Katika biashara ya nishati inafaa kuuliza ni mkono gani ulikuwa umejaa kabla ya muswada kusomwa.

Kampuni inaposema inatumia asilimia 100 nishati mbadala, inamaanisha nini?

Mara nyingi inamaanisha mwisho wa mwaka ilihesabu umeme wote iliotumia, ikanunua vyeti vya kiasi hichohicho cha umeme wa jua au upepo uliozalishwa mahali fulani. Usiku ule seva zake zinanguruma, umeme halisi unaweza kuwa wa gesi. Vyeti vya bei rahisi kutoka mtambo uliojengwa zamani havileti mtambo mpya hata mmoja.

Aina nyingine ya ununuzi ina uzito zaidi: mkataba wa miaka mingi na mradi ambao haujajengwa. Mwaka 2010 Google ilisaini mkataba wa miaka 20 kununua umeme wa megawati 114 za upepo huko Iowa. Mkataba wa namna hiyo ndio ambao mwenye mradi huupeleka benki, na benki ikishaona mnunuzi wa uhakika hutoa mkopo kwa riba nafuu. Kwa hiyo ukisoma tangazo la namna hii, usihangaike na neno «asilimia 100». Tafuta mwaka mtambo ulipojengwa na muda wa mkataba.

Kwa hiyo kampuni zote ni adui?

La hasha. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kamba hapa ni sheria, kodi na mkataba. Kamba ikisogezwa, mbuzi yuleyule anakula upande mwingine.

Denmark ilikuwa na kampuni ya serikali ya mafuta na gesi iliyoitwa DONG, iliyokuwa ikichoma makaa kwa wingi. Ilijipangia kugeuka, ikajenga mitambo ya upepo baharini, ikauza visima vyake, na mwaka 2017 ikabadili jina kuwa Ørsted. Serikali ilibaki na zaidi ya nusu ya hisa wakati wote huo, kwa hiyo kulikuwa na mwenye mali aliyeweza kusubiri. Texas nako, kitovu cha mafuta ya Marekani, mwaka 1999 ilipitisha sheria ya nishati mbadala, kisha ikajenga nyaya za takriban dola bilioni 7 kuutoa upepo wa magharibi hadi mijini. Leo ndiyo jimbo linaloongoza nchini humo kwa umeme wa upepo. Waliokuwa mstari wa mbele ni wenye ranchi waliolipwa kodi ya ardhi na wafanyabiashara wa mitambo. Wengi wao hawakuwa wanamazingira.

Mbona kampuni za mafuta zinaahidi kisha zinarudi nyuma?

Itazame BP. Mwaka 2000 ilibadili nembo na kuanza kujitangaza kuwa imevuka enzi ya petroli. Mwaka 2011 ilifunga biashara yake ya sola. Mwaka 2020 iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Mwaka 2023 ikashusha ahadi hadi 25, na Februari 2025 ikaachana nayo, ikaongeza matumizi ya mafuta na gesi hadi kama dola bilioni 10 kwa mwaka.

Sababu ni faida, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosa. Gharama ya umeme wa sola duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010. Kwa mtumiaji hiyo ni neema. Kwa mwekezaji ni kichwa cha kuuma, kwa sababu kila mtu anaweza kununua paneli ileile, jua halina mwenyewe, na saa ya mchana ambapo paneli zako zinafanya kazi ndiyo saa paneli za jirani zinafanya kazi pia, bei sokoni inaanguka. Kitu kuwa rahisi hakukifanyi kiwe na faida nono. Mwanahisa aliyezoea gawio la mafuta halioni jua kama mbadala wake, hata kama dunia nzima inalihitaji.

Basi ni nani aliyeshusha bei?

Fedha za umma kwanza, viwanda baadaye. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ilimhakikishia kila mwenye paneli bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20, na uhitaji huo ukaamsha viwanda. China iliongeza mikopo na mashine, na sasa inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kutengeneza paneli. Wananchi wa Ujerumani waliolipa bili kubwa miaka ile wametugharamia wengi wetu, na ni haki kuwashukuru.

Si nishati mbadala ndiyo inayobebwa na ruzuku?

Ruzuku zipo pande zote. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 ruzuku za mafuta, gesi na makaa zilifika dola trilioni 7. Katika hizo, za moja kwa moja zilikuwa trilioni 1.3. Nyingine ni madhara ya moshi na joto yasiyolipiwa na anayeyasababisha, pamoja na kodi zisizotozwa. Anayebishana na hesabu ya trilioni 7 ana nafasi ya kubishana. Ile 1.3 ni pengo la wazi kati ya bei na gharama ya kuyafikisha kwa mtumiaji.

Kwa nini miradi mingine hukaa miaka bila kuunganishwa?

Foleni. Mwishoni mwa 2023 miradi ya takriban gigawati 2,600, mingi ya jua, betri na upepo, ilikuwa ikisubiri kuunganishwa na gridi za Marekani. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mitambo yote iliyopo nchini humo. Mingine itakufa kwa sababu zake, lakini mingi inasubiri nyaya. Pale mwenye nyaya ndiye pia mwenye vituo vya zamani, hana haraka.

Kampuni za nishati mbadala zenyewe ni safi?

Jua na upepo ni safi. Kampuni ni kampuni. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya Norway iliamua kwamba vibali vya mashamba mawili ya upepo huko Fosen vilivunja haki za wafugaji wa Kisami, watu wa asili wa kaskazini mwa nchi hizo za Ulaya, na mitambo 151 ilikuwa tayari imesimama. Mwaka huohuo mahakama ya Kenya iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Katika kesi zote mbili wafugaji walikuwa wamelalamika mapema. Walisikilizwa baada ya saruji kukauka.

Na sola za kulipa kidogo kidogo?

Zimewafikishia taa watu ambao gridi iliwasahau, na mtu asidharau maana ya balbu kwa mtoto anayesoma usiku. Lakini kiangalie kifaa chenyewe. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kufuli la kielektroniki. Siku ulizolipia zikiisha, balbu zote zinazima, ingawa betri imejaa jua la mchana kutwa na paneli iko juu ya paa lako. Nimewahi kusoma mkataba wa aina hiyo mstari kwa mstari. Jumla ya malipo ilizidi sana bei ya kifaa kile dukani, na hakuna mahali ilipoandikwa kwa namba moja. Ilibidi nizidishe siku kwa malipo mwenyewe. Kabla ya kusaini, zidisha. Kisha uliza kama kufuli litaondolewa ukimaliza deni, na nani atabadilisha betri ikifa kabla ya hapo.

Kuna namna ya watu wa kawaida kumiliki?

Ipo, na imeshajaribiwa. Middelgrunden, nje ya bandari ya Copenhagen, ina mitambo 20 ya upepo yenye jumla ya megawati 40, iliyoanza kazi mwaka 2000. Nusu ilimilikiwa na chama cha ushirika chenye maelfu ya wanachama walionunua hisa ndogo ndogo, nusu na kampuni ya umeme ya jiji. Mtu anayepata gawio kutoka kwenye mtambo hausikii ukivuma vilevile na asiyepata.

Vikao vya wazi vya msimamizi wa nishati vina maana, au uamuzi hupitishwa mapema?

Vina maana kwa sababu kila kinachosemwa humo huingia kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo itakayosomwa na mahakama au bunge baadaye. Mawakili wa kampuni hawakosi hata kimoja. Viti vya wananchi mara nyingi ni vitupu, na tangazo huwa limebandikwa mahali pasipopitiwa na watu, kwa hiyo litafute wewe.

Huhitaji kuwa mhandisi. Omba uoneshwe asilimia ya faida ambayo kampuni inaruhusiwa juu ya mtaji wake, na ilipangwa lini. Uliza uniti inayotoka kwenye paneli italipwa kiasi gani na hesabu hiyo imetoka wapi, kisha uliza mpangaji asiye na paa amewekewa nini. Kabla hujaketi, muulize mwenyekiti kama kanuni mpya itawagusa waliokwisha kufunga, na usubiri mpaka karani aandike jibu.